Kukarabati ammita iliyoharibika kwenye betri ya redio ya ridhaa: mwongozo kamili

Mshale wa ammita, kifaa cha kupima ampea, umelala kwenye sifuri ilhali redio inarusha wati 100. Au umejibana mwisho wa kipimo na haurudi. Au unasoma ampea 14 wakati redio inajulikana kula 20. Kwenye maboksi ya umeme ya kubebeka ya wapenzi wa redio ya ridhaa (mawasiliano ya hewani kwa burudani), yenye betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu), fyuzi, nyaya na ammita pamoja, hitilafu hizi ni za kawaida, na nyingi zinatengenezeka kwa vifaa vya bei ndogo. Sharti ni kujua kwanza kilichokufa ni kipi, kwa sababu ndani ya kasha la ammita mna vifaa viwili tofauti.

Koili na shanti

Mwongozo huu unahusu hasa ammita ya mshale ya ampea 20 au 30, zile za uso wa mraba zenye maandishi kama 85C1 ambazo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Zile za tarakimu zina sehemu yake mbele.

Kifaa cha kwanza ni koili ya waya mwembamba kama unywele, iliyowekwa katikati ya sumaku na kushikwa na springi mbili bapa za mviringo. Umeme ukipita, koili inazunguka na kubeba mshale. Koili ya namna hii hufikisha mshale mwisho kwa miliampea 1 hadi chache tu, haina uwezo wa kubeba ampea 20 hata kwa kufumba na kufumbua.

Kifaa cha pili ni shanti, kipande cha aloi ya manganini chenye ukinzani mdogo sana. Mkondo wa redio hupita humu. Koili yenyewe inapima tu milivolti chache zinazojitokeza kati ya ncha mbili za shanti. Shanti iliyoandikwa 30 A 75 mV ina ukinzani wa omu 0.0025, ikibeba ampea 20 inatoa milivolti 50, na mshale unasimama kwenye theluthi mbili ya kipimo. Theluthi mbili hiyo ndiyo pia kiwango kinachoshauriwa cha kuibebesha shanti muda mrefu mfululizo. Redio inayokula ampea 23 ikirusha, kama Yaesu FT-891, inastahili shanti ya 40 au 50 kama unatumia mitindo ya mawasiliano ya tarakimu ambayo mawimbi hukaa hewani sekunde nyingi bila kupumzika.

Sasa fikiria kila kimoja kikikatika. Koili ikikatika, redio inaendelea kufanya kazi, mshale tu ndio haunyanyuki. Shanti ikikatika, umeme wote unatafuta njia kupitia koili, na koili inaungua kabla fyuzi ya ampea 25 haijajua kuna nini. Kwa hiyo koili iliyoungua mara nyingi ni matokeo, na chanzo kiko kwenye shanti au kwenye nati zilizolegea. Anayebadilisha koili bila kukagua shanti anaunguza koili ya pili.

Kabla hujashika bisibisi, soma alama ndogo chini ya kipimo. Mstari mnyoofu ni umeme wa mkondo mnyoofu. Namba 2.5 ni daraja la usahihi: kosa linaweza kufika asilimia 2.5 ya kipimo kizima, popote mshale ulipo. Kwenye ammita ya ampea 30 hiyo ni ampea 0.75. Maana yake, redio ikiwa inasikiliza tu na kula ampea 1, usiilaumu ammita kwa kusema 0.5 au 1.5, haijaharibika, ndivyo ilivyo. Alama ya herufi T iliyopinduliwa inasema ammita imesanifiwa kusimama wima. Ukiilaza kwenye mfuniko wa boksi, sifuri yake inaweza kuhama.

Vifaa

- Multimita yenye kipimo cha milivolti 200 na soketi ya 10 A.
- Betri ndogo ya volti 1.5, rezista za kilo-omu 100, 10 na 1, na potensiomita (rezista inayozungushwa kubadilisha ukinzani) ya kilo-omu 10.
- Balbu za gari za volti 12: moja au mbili za taa kubwa aina ya H4, na moja ya wati 21. Balbu ya indiketa ya bodaboda ya wati 10 inafaa kwa mkondo mdogo.
- Fyuzi ya ampea 15 na kishikilio chake.
- Pasi ya kulehemu ya wati 60 au zaidi kwa shanti, na ndogo ya wati 25 kwa nyaya za koili.
- Kibanio kisichovutwa na sumaku, cha shaba nyeupe au plastiki.
- Karatasi nyeupe, seloteipu, na kioo cha kukuzia.

Fyuzi si ya kujadili. Betri ya LiFePO4 ya ampea-saa 20 ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kabla saketi yake ya ulinzi haijakata, na pete ya kidoleni inatosha kuunganisha terminali mbili. Vua pete na saa, na weka fyuzi karibu kabisa na terminali ya chanya.

Uchunguzi bila kufungua

Ondoa ammita kwenye boksi. Ifute kioo chake kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo, kisha uache kikauke chenyewe. Hili linaonekana la mzaha, lakini kioo cha plastiki kilichosuguliwa kwa kitambaa kikavu hujaa umemetuli na kuvuta mshale ukae hewani mahali popote. Ammita nyingi "mbovu" zimepona hapo.

Kisha itikise polepole kushoto na kulia huku ukiangalia mshale. Koili iliyofungwa kwenye shanti nzima inajizuia yenyewe: ikisogea ndani ya sumaku inazalisha umeme, umeme unazunguka kupitia shanti, na mwendo unafifia. Mshale unaosogea kwa uzito na kutulia mara moja unaashiria kuwa njia ya koili na shanti imekamilika. Mshale unaoyumbayumba ovyo unaashiria njia imekatika mahali fulani. Fremu ya koili ya alumini nayo hufifisha mwendo kiasi, kwa hiyo ukiweza linganisha na ammita nzima ya aina hiyohiyo.

Mshale unaokwama kila mara mahali palepale una uchafu ndani ya pengo la sumaku. Unaokwama popote una ncha ya mhimili iliyotoka kwenye kitako chake, kwa kawaida baada ya boksi kuanguka. Unaotembea vizuri lakini haurudi sifuri hata ukizungusha skrubu ya mbele una springi iliyolegezwa na joto au mizunguko yake imeshikana.

Nusa pia. Harufu ya vanishi iliyoungua ni habari mbaya kwa koili.

Sasa pima shanti kwa mkondo halisi. Unganisha chanya ya betri, fyuzi, ammita, balbu ya H4 upande wa wati 55, kisha hasi. Balbu hiyo itakula takriban ampea 4.5 hadi 5. Weka multimita kwenye milivolti 200 na uguse boliti mbili za ammita zenyewe. Usiguse vichwa vya nyaya. Kwa shanti ya 30 A 75 mV utarajie milivolti 11 hadi 13. Ukipata hizo na mshale haujasogea, shanti ni nzima na shida iko kwenye koili au waya zake. Ukipata milivolti 100 au zaidi, shanti imepasuka au kiungo chake kimelegea: zima mara moja. Balbu isipowaka kabisa, njia kuu imekatika.

Mshale utaruka kwa nguvu wakati wa kuwasha kisha kurudi. Waya wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, ndiyo sababu ya ule mruko.

Kufungua

Tandika karatasi nyeupe kwenye meza ambayo haijakatiwa chuma. Vumbi la msumeno au la tupa likiingia kwenye sumaku litakupa kazi ya nusu siku. Kioo hushikwa na skrubu mbili ndogo mbele au vibano pembeni; kitoe ukikiinua moja kwa moja, maana ndani yake kuna kipini kidogo cha skrubu ya sifuri kinachoingia kwenye uma juu ya springi. Ukikipindisha unavunja uma.

Shika bisibisi kwa nguvu ukikaribia sumaku, la sivyo itavutwa na kutua juu ya mshale. Bamba la namba hushikwa na skrubu mbili. Litelezeshe pembeni chini ya mshale bila kuinua. Na usitenganishe sumaku na vyuma vinavyoizunguka. Sumaku ya aina ya alniko ikitolewa kwenye vyuma vyake hupoteza sehemu ya nguvu, na ammita itasoma chini daima hata ukiirudisha.

Tafuta nyaya mbili ndogo zinazotoka kwenye boliti, au kwenye ncha za shanti, kwenda kwenye koili. Lehemua moja itoke. Ukishaitoa, ammita isipitishiwe mkondo mpaka umalize kupima koili.

Kupima koili

Usikimbilie kipimo cha omu cha multimita. Nyingi husukuma karibu miliampea 1 kwenye masafa ya omu 200, na koili nyepesi hugonga ukingo kwa kishindo. Fanya hivi:

1. Unganisha betri ya volti 1.5 na rezista ya kilo-omu 100, kisha koili. Mkondo hauzidi mikroampea 15. Angalia kama mshale unatikisika hata kidogo.
2. Badilisha kwa kilo-omu 10. Sasa ni mikroampea 150.
3. Badilisha kwa kilo-omu 1. Ni karibu miliampea 1.5. Koili ya miliampea 1 itagonga mwisho hapa, kwa hiyo gusa tu na kuachia.

Mshale usiposogea kabisa kwenye hatua ya tatu, koili imekatika, au kiungo chake na springi kimeachia. Angalia kwa kioo cha kukuzia pale mwisho wa springi unapolehemewa. Kiungo kilichoachia kinaweza kurudishwa kwa pasi ndogo yenye ncha nyembamba, mguso wa sekunde moja, risasi kidogo sana. Springi ndiyo njia ya umeme kuingia kwenye koili, na joto la kuzidi linaiondolea ugumu wake. Waya wa koili ukiwa umekatika ndani, acha. Kuisuka upya bila mashine ni kazi isiyolipa. Tafuta ammita nyingine ya bei rahisi, yenye kipimo chochote, uchukue koili na sumaku yake ikiwa kipande kimoja.

Koili ikiwa hai, pata namba zake mbili, kwa sababu bila hizo huwezi kuioanisha na shanti nyingine. Unganisha betri, rezista ya kilo-omu 1, potensiomita ya kilo-omu 10 na multimita kwenye miliampea, zote kwa mfululizo na koili. Anza potensiomita ikiwa juu kabisa, ishushe mpaka mshale ufike mwisho wa kipimo. Mkondo unaosomeka kwenye multimita ndio mkondo wa koili. Mshale usipofika mwisho, badilisha rezista ya kilo-omu 1 kwa omu 220. Halafu, bila kugusa kitu kingine, weka potensiomita ndogo ya omu 200 sambamba na koili na uizungushe mpaka mshale urudi nusu. Itoe uipime: ukinzani wake ni karibu sawa na wa koili. Njia hii ina kosa la asilimia chache, ambalo litarekebishwa mwishoni.

Mshale, springi na uchafu

Mshale uliopinda baada ya shoti hunyooshwa kwa vibanio viwili. Kimoja kinashika mzizi wa mshale karibu na mhimili, kingine kinanyoosha. Ukivuta ncha bila kushika mzizi, nguvu yote inaingia kwenye ncha za mhimili na vitako vyake, na hapo unaongeza ugonjwa mwingine.

Chembe za chuma kwenye pengo la sumaku hazitoki kwa kupuliza. Kata utepe mwembamba wa seloteipu, uingize kwenye pengo upande unaonata ukielekea sumaku, uguse, utoe. Rudia mpaka seloteipu itoke safi. Ncha ya sindano ya chuma inaweza kuvuta chembe hadi ukingoni, ila mkono uwe umetulia.

Springi ambazo mizunguko yake imegusana hutenganishwa kwa ncha ya unyoya au bua la mfagio lililochongwa. Ikiwa imebadilika rangi na kuwa ya bluu au kahawia, joto limeimaliza. Itarudi sifuri leo na kesho isirudi. Badilisha koili nzima.

Mhimili uliotoka kwenye kitako unarudi kwa kulegeza skrubu ya juu ya kitako nusu mzunguko, kuuongoza, na kukaza tena. Lazima ubaki mchezo kidogo sana wa juu na chini, unaosikika zaidi ya kuonekana. Ukikaza mpaka mchezo uishe, mshale utakwama kwenye baridi na joto.

Mwisho wa hatua hii ishike ammita wima, ilaze, igeuze upande. Mshale usihame zaidi ya upana wa mstari mmoja wa kipimo. Ukihama, vizito vidogo kwenye mkia wa mshale vimesogea. Visogeze robo milimita kwa wakati mmoja.

Shanti

Hapa ndipo kazi kubwa iko. Shanti huumia kwa namna tatu. Ya kwanza ni mtu kuunganisha ammita moja kwa moja kwenye terminali mbili za betri akidhani anapima "nguvu ya betri". Volti 12.8 juu ya omu 0.0025: hesabu hiyo haina mwisho mwema. Ya pili ni kuzidiwa kidogokidogo, ampea 25 kwa muda mrefu kwenye shanti ya 20, mpaka risasi ya viungo vyake inalainika. Ya tatu, na ndiyo ya kawaida zaidi pwani, ni kutu ya kijani kwenye boliti za shaba. Ukinzani wa omu 0.05 tu kwenye nati iliyolegea, kwa ampea 20, unakula volti 1 nzima na kutoa wati 20 za joto palepale. Plastiki inalainika, nati inalegea zaidi, na mzunguko unaendelea.

Kama tatizo ni kutu, sugua boliti na lagi (vile vichwa vya duara vilivyobanwa mwishoni mwa waya) kwa msasa wa namba 400 ammita ikiwa imefunikwa, ongeza washa yenye meno, kaza. Kisha hakikisha: redio ikirusha kwa ampea 20, pima kati ya boliti na lagi yenyewe. Zaidi ya milivolti 10 ni kiungo kibovu bado.

Shanti iliyochubuka rangi lakini haijapasuka inaweza kuendelea, mradi umeisahihisha upya. Iliyopasuka usiilehemu katikati kwa risasi ya kawaida: kiungo hicho kitakuwa ukinzani mpya unaobadilika na joto. Nunua shanti ya nje ya 75 mV yenye skrubu nne. Skrubu kubwa mbili ni za mkondo wa redio, ndogo mbili ni za nyaya za koili. Kutenganisha huku si urembo. Nyaya za koili zikibanwa kwenye skrubu kubwa, koili inapima pia ukinzani wa kiungo, na usomaji unapanda kila nati ikilegea.

Ukiwa mahali ambapo shanti haipatikani, waya wa shaba wa nyumbani unafaa. Waya wa milimita mraba 4 una takriban omu 0.0043 kwa mita. Kwa omu 0.0025 unahitaji sentimita 58. Waya wa 2.5 una omu 0.0069 kwa mita, yaani sentimita 36, lakini utapata moto kwa ampea 20. Chagua wa 4. Kata sentimita 70, uukunje bila kugusana, uweke lagi pande zote. Waya mmoja wa koili ulehemu mahali pa kudumu karibu na mwisho mmoja. Wa pili utauhamisha hadi usomaji uwe sahihi, ndipo ulehemu.

Kasoro ya shaba ni joto: ukinzani wake hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Waya ukipanda nyuzi 25, usomaji unapanda asilimia 10 hivi. Koili nayo ni ya shaba, kwa hiyo joto la hewa likipanda zote mbili zinabadilika pamoja na kosa linapungua. Kinachobaki ni joto ambalo waya unajitengenezea wenyewe. Ndiyo maana viwanda hutumia manganini, ambayo karibu haibadiliki.

Kuoanisha koili mpya na shanti

Hesabu ni moja. Tuseme koili uliyoiokoa inajaa kwa miliampea 1 na ina omu 60. Inahitaji milivolti 60. Shanti inatoa 75 kwenye ampea 30. Ongeza rezista ya omu 15 kwa mfululizo na koili, na omu 75 mara miliampea 1 ni milivolti 75. Weka omu 10 isiyobadilika na potensiomita ndogo ya omu 10 ili upate nafasi ya kurekebisha.

Koili ikihitaji zaidi ya shanti inavyotoa, mfano omu 100 kwa miliampea 1, rezista haitasaidia. Shanti lazima iongezwe hadi omu 0.0033, ambayo kwa waya wa milimita mraba 4 ni sentimita 77.

Kusahihisha

Rudisha waya wa koili, kaza kila kitu, funga kioo, weka ammita katika mkao itakaotumika. Weka sifuri kwa skrubu ya mbele kabla ya kuwasha. Boksi likiwa la chuma, isahihishe ikiwa ndani ya boksi hilo, maana chuma kinaweza kuiba sehemu ya uga wa sumaku. Spika isogezwe mbali.

Unganisha kwa mfululizo betri, fyuzi, multimita kwenye soketi ya 10 A, ammita, balbu. Balbu ya wati 21 inakupa ampea 1.7 hivi, H4 moja karibu 5, na mbili sambamba karibu 10. Multimita nyingi za bei nafuu huandikwa sekunde 10 tu kwenye soketi hiyo, halafu dakika 15 za kupumzika. Heshimu hilo, kwa sababu shanti ya ndani yake nayo ni waya tu. Balbu mbili zikipita ampea 10, tumia H4 moja upande wa wati 55 pamoja na balbu ya wati 21.

Rekebisha, kwa ile potensiomita ndogo au kwa kuhamisha waya wa koili kwenye shanti ya shaba, kwenye mkondo mkubwa kwanza, si mdogo. Kipimo cha koili yenye sumaku ni cha hatua sawasawa, kwa hiyo kikiwa sahihi kwenye ampea 7 na 2, kitakuwa sahihi kwenye 20 pia. Kikiwa sahihi juu na kosa chini, ni sifuri iliyohama. Kikiwa na kosa katikati tu, mshale unagusa bamba la namba.

Usisahihishe kwa sauti yako kwenye SSB (mtindo wa sauti ambao nguvu hupanda na kushuka na maneno). Mshale haufuati vilele vya sauti, unaonyesha wastani, na redio ya ampea 20 itaonekana inakula 8. Ukitaka kuhakikisha na redio yenyewe, weka dami lodi ya omu 50 (mzigo wa kupimia unaokaa mahali pa antena), chagua FM au CW (mtindo wa Morse), bonyeza kwa sekunde chache.

Zile za tarakimu

Viammita vidogo vya volti na ampea vyenye nyaya mbili nene na tatu nyembamba vina shanti ndani, upande wa hasi, na vingi havizidi ampea 10. Kwa redio ya Xiegu G90 inayofikia ampea 8 vinatosha; kwa redio ya wati 100 havitoshi.

Kinachoviua ni waya mwembamba mweusi. Ndani umeungana na waya mnene wa hasi ya betri. Mnene ukilegea, mkondo wote wa redio unarudi kupitia ule mwembamba na kuunguza njia ya shaba kwenye bodi. Kama kiammita kinalishwa na betri ileile, waya mwembamba mweusi usiunganishwe kabisa, ukate, ufunike. Rangi hubadilika kati ya watengenezaji, kwa hiyo thibitisha kwa mlio wa multimita ni ipi imeungana na ipi.

Njia iliyoungua hurudishwa kwa kipande cha waya kilicholehemewa juu yake baada ya kukwangua vanishi. Shanti ni kipande kinene cha waya kilichopinda. Viungo vyake hupasuka duara ndogo isiyoonekana, na tarakimu zinarukaruka. Lehemu upya kwa pasi ya wati 60, risasi ijae. Nyuma huwa na skrubu mbili ndogo za kurekebisha, moja ya volti na moja ya ampea. Tarakimu zikiwa hazipo kabisa na umeme unafika, usipoteze muda: chipu ikiungua, kipya ni rahisi kuliko kazi.

Kuirudisha kwenye boksi

Ammita ya mshale ikae kwenye waya wa chanya, baada ya fyuzi. Ikikaa kwenye hasi, mwili wa redio ukigusana na kitu kingine kinachorudi kwenye hasi ya betri kwa njia nyingine, kama mwili wa gari au kompyuta inayochajiwa na betri ileile, sehemu ya mkondo inaikwepa shanti. Ile ampea 14 badala ya 20 ya mwanzoni mara nyingi inatoka hapa, na hakuna kilichoharibika. Ubaya wa upande wa chanya ni kwamba boliti zote mbili zina volti 12 wazi. Zifunike kwa mpira.

Paneli ya sola isipitishe chaji kupitia ammita hiyo, la sivyo mshale utasukumwa kushoto kutwa nzima. Chaji iingie moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake.

Ukitumia shanti ya nje, weka fyuzi ndogo ya nusu ampea kwenye kila waya wa koili, karibu na shanti. Kisha weka dayodi mbili za 1N4007 sambamba na koili, zikitazama pande tofauti, upande wa koili wa fyuzi hizo. Kwa milivolti 75 dayodi hazipitishi kitu. Shanti ikikatika, zinaanza kupitisha kwenye volti 0.6 hivi, fyuzi ndogo inakatika, na koili inabaki hai. Sahihisha tena baada ya kuweka fyuzi, kwa kuwa nazo zina ukinzani wa kuhesabika.

Mshale unaocheza kila ukirusha kwenye HF (mawimbi mafupi), hasa kwa antena ya waya inayolishwa mwishoni karibu na meza, unasukumwa na mawimbi ya redio yanayoingia kupitia nyaya za umeme. Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 10 kwenye miguu ya koili, miguu yake ikatwe fupi, huwa inatosha. Isipotosha, zungusha waya wa umeme mara tano au sita kwenye pete ya feraiti karibu na redio.